Je, Wajua? Oili ya Giaboksi ya Otomatiki Haitoki Yote

Je, wajua kwamba ukifungua nati ya kumwagia chini ya giaboksi ya otomatiki, oili inayotoka mara nyingi haifiki hata nusu ya iliyomo? Iliyobaki hujificha ndani ya konveta inayounganisha injini na giaboksi, na kwenye mabomba ya kupozea. Ndiyo maana fundi makini humwaga, hujaza, huendesha gari kidogo, kisha humwaga tena.

Ukifanya kazi hii nyumbani, legeza kwanza nati ya kujazia. Ikiwa imeshika kutu na haifunguki, heri ujue mapema kuliko kubaki na giaboksi tupu uani. Gari likae juu ya stendi imara, kamwe si jeki peke yake. Pima oili iliyotoka kwa chupa yenye alama, urudishe kiasi hicho hicho.

Oili hutanuka ikipata moto, kwa hiyo kipimo cha mwisho husomwa kwenye joto lililotajwa na kitabu cha gari. Magari mengi ya sasa hayana hata kijiti cha kupimia.

Kosa baya kuliko yote ni kukosea aina ya oili. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani yana CVT, giaboksi inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za hatua. Humo ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, huufanya mkanda uteleze na kulika. Hakikisha aina ya giaboksi yako kabla ya kwenda dukani.