Kivinjari Kikibadilika, Nani Atapima Fomu Zetu?

Siku hizi taarifa za miradi haziishii kwenye daftari. Zahanati, kamati za maji, shule na vikundi vya kuweka na kukopa hujaza fomu kwenye kompyuta kwa kutumia kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama vile Firefox au Chrome. Katika sekta ya afya vitabu vya MTUHA bado vipo, lakini jumla zake za mwezi huingizwa katika mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania ikafuata miaka michache baadaye.

Mashirika nayo yana fomu zake ndogo, na hapo ndipo kwenye tatizo. Fomu inayofanya kazi vizuri leo inaweza kuharibika kesho bila mtu yeyote kuigusa, kwa sababu kivinjari kimebadilika. Tena, chombo tunachokitegemea kitutahadharishe kinaweza kuharibika siku hiyo hiyo.

Majaribio ya kujiendesha ni nini?

Tuchukue mfano wa mradi unaosaidia watoto wanaoishi katika mazingira magumu, wenye vituo Rulenge na Kabanga wilayani Ngara, na Nyakahura wilayani Biharamulo. Kila kituo kinajaza majina ya watoto na mahitaji yao ya shule, kisha kompyuta inajumlisha na kutoa orodha ya malipo. Kabla ya kuitumia fomu hiyo, lazima mtu ahakikishe kwamba jina likiingizwa linahifadhiwa, na kwamba jumla ni sahihi. Kufanya hivyo kwa mkono kila mwezi kunachosha, na mtu aliyechoka huruka hatua.

Kwa sababu hiyo kuna programu-jalizi, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari. Unazifanya hatua mara moja, yenyewe inazirekodi, na baadaye inazirudia bila wewe kugusa kitufe. Inayojulikana sana ni Selenium IDE. Ilitengenezwa na Shinya Kasatani wa Japani kwa ajili ya Firefox, na mwaka 2006 ikaingizwa katika mradi wa Selenium, ambao Jason Huggins aliuanzisha Chicago mwaka 2004.

Kwa nini matoleo hugombana?

Programu-jalizi hukaa ndani ya kivinjari kama mpangaji ndani ya nyumba. Mwenye nyumba akihamisha mlango, ufunguo wa mpangaji haufai tena. Zamani milango haikuhamishwa mara kwa mara. Lakini kuanzia mwaka 2011 Firefox ilianza kutoa toleo jipya kila baada ya wiki 6, na mwaka 2020 ikafupisha muda huo hadi wiki 4. Chrome nayo ikahamia wiki 4 mwaka 2021.

Mabadiliko hayo yana sababu nzuri. Mengi yanaziba matundu ambayo wezi wa mtandao wangeweza kupitia. Kwa hiyo haifai kusema, "Tusisasishe kamwe." Fomu yenye majina ya watoto haipaswi kufunguliwa kwenye kivinjari kilichotelekezwa.

Funzo la mwaka 2017

Mwezi Agosti 2017 lilitoka toleo la 55 la Firefox, na Selenium IDE ya zamani ikaacha kufanya kazi. Mwezi Novemba mwaka huo huo toleo la 57 likaondoa kabisa utaratibu wa zamani wa programu-jalizi, ule ulioziruhusu kuingia hadi ndani kabisa ya kivinjari. Watu waliokuwa wamekusanya majaribio kwa miaka mingi walijikuta na mafaili yasiyoweza kuendeshwa. Selenium IDE ilibidi iandikwe upya.

Chrome nayo ilianza mwaka 2024 kuzima programu-jalizi zilizojengwa kwa utaratibu wake wa zamani. Hata wasiotumia programu-jalizi, bali ChromeDriver, ile programu ya kati inayopeleka amri kwa kivinjari, wanapaswa kuilinganisha na toleo la Chrome. Kuanzia toleo la 4.6 la mwaka 2022, Selenium inaweza kujitafutia programu hiyo ya kati inayofaa, lakini lazima iipakue kutoka kwenye intaneti.

Hali ya vituo vya pembezoni

Kwa vituo vyetu maneno hayo "kutoka kwenye intaneti" ni mazito. Kivinjari kinaweza kujisasisha chenyewe na kumaliza kifurushi kabla ripoti haijatumwa. Aidha, kompyuta nyingi tunazopewa kama msaada ni za zamani. Chrome iliacha kuihudumia Windows 7 mwaka 2023, na toleo la mwisho kwa mashine hizo ni la 109. Matokeo yake, ofisi kuu ina kivinjari kipya na kituo kina cha zamani. Fomu iliyopimwa ofisi kuu tu haijapimwa kwa ajili ya kituo.

Nini kifanyike?

1. Andika daftari la matoleo. Kwa kila kompyuta, orodhesha toleo la Windows, la kivinjari na la programu-jalizi, pamoja na tarehe ambayo majaribio yalifaulu mara ya mwisho.

2. Tenga kompyuta moja ya majaribio. Hiyo isasishwe kwanza. Majaribio yakifaulu, ndipo vituo vingine vifuate.

3. Tumia toleo la Firefox la muda mrefu. Tangu mwaka 2012 Firefox ina toleo maalumu kwa taasisi, ambalo hupokea marekebisho ya usalama lakini hubadilika sana mara moja tu kwa mwaka hivi. Hapo mradi unapata muda wa kujiandaa.

4. Hifadhi hatua za majaribio nje ya kivinjari. Ziandikwe pia kwa Kiswahili kwenye karatasi: fungua ukurasa huu, ingiza jina hili, jumla iwe hii. Chombo kikifa, kazi inaweza kuendelea kwa mkono.

5. Weka gharama hii kwenye bajeti. Mradi wa miaka 3 ukitenga fedha za kutengeneza fomu bila fedha za kuitunza, umenunua pikipiki bila mafuta.

Tusidanganywe na ukimya

Hatari kubwa ni ukimya. Programu-jalizi iliyozimwa haipigi kelele. Hakuna alama nyekundu, na mtu anadhani mambo ni shwari. Jaribio lisiloendeshwa si jaribio lililofaulu. Ikiwa fomu imeacha kuhifadhi jina la mwisho kwenye orodha, mtoto huyo wa Nyakahura hatajua habari za matoleo. Atajua tu kwamba daftari na sare hazikufika.

Kwa hiyo kila mwezi, kabla ya ripoti kutumwa, msimamizi aulize maswali mawili: majaribio yameendeshwa lini, na kwenye toleo gani? Majibu yake yawe yameandikwa daftarini, pamoja na saini ya aliyeyaendesha.