Tangi la Maziwa Linaongea, Nani Anasikia?

Maziwa kwenye tangi hutunzwa karibu nyuzi 4. Stima ikipotea saa nane usiku na hakuna anayejua, asubuhi ni kumwaga. Kihisi cha joto kinajua, lakini kimwambie nani?

Hauhitaji programu ya bei. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na amri moja, mosquitto_pub, inatuma kipimo hadi klaudi. Itifaki yake, MQTT, ilibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper, kuchunga mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Yaani ilizaliwa ikijua shida za neti mbovu na bando ghali. Kama sisi tu.

Sasa hapa ndipo wengi huchomeka. Ukiiacha ilivyo, amri hiyo hutuma kwa kiwango 0: inarusha ujumbe na kusahau. Ukipotelea njiani, skrini haisemi kitu. Ongeza -q 1, itangoja jibu kwamba umepokelewa. Jibu lisipokuja, skripti yako iweke kipimo kwenye faili, ijaribu tena baadaye. Ujumbe unaweza kufika mara mbili, kwa hivyo kila kipimo kibebe tarehe na saa yake.

Na tumia poti 8883 yenye usimbaji. Kwa 1883 ya kawaida kila kitu, hata paswadi, kinapita uchi.