Kiuno kinauma kila ukifunga mizigo? Anzia tumboni

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hili linatuhusu. Asubuhi umejikunja kwenye kochi unajibu meseji za wateja, mchana umeinama sakafuni unafunga oda, jioni unanyanyua mzigo kumpa bodaboda. Kiuno kitaacha kulalamika?

Wengi tunakimbilia dawa ya kuchua. Inatuliza, sawa. Ila kinachokishikilia kiuno ni misuli ya tumbo, ya ubavuni na ya mgongoni. Huo ndio mkanda wako wa asili, na kukaa kutwa nzima kunaulegeza.

Zoezi ninalolipenda halihitaji jimu. Piga magoti, viganja chini, kama mtoto anayetambaa. Kaza tumbo kidogo, kama vile mtu anataka kukupiga ngumi, ila usibane pumzi. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kiuno kisiyumbe. Hesabu hadi 10, shusha, badili upande. Fanya mara 5 kila upande. Stuart McGill, mtaalamu wa mgongo wa Kanada, analihesabu kati ya mazoezi yake makuu 3. Yale ya kulala chali na kuinuka mpaka magotini achana nayo kwanza, yanabana pingili za mgongo.

Jipe wiki kadhaa, si siku mbili. Na mzigo uvute karibu na mwili kabla hujaunyanyua.

Ukiona ganzi sehemu za siri, mguu unaishiwa nguvu au mkojo umegoma, hapo hakuna zoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, oda zitasubiri.