Fahamu: Je, inafaa kulipia zaidi gari linaloshika breki lenyewe?

Magari mengi ya mtumba yanayofika Tunduma hutoka Japani, ambako Subaru ilianza kuuza mfumo wa EyeSight mwaka 2008 na Toyota ikafuata na Safety Sense mwaka 2015. Kamera, na katika baadhi ya magari rada, huangalia mbele. Ukichelewa kufunga breki, gari hufunga lenyewe.

Kwa anayesafiri mara kwa mara kwenye barabara kuu ya TANZAM, hilo lina thamani kubwa. Foleni ya malori ya mpakani Tunduma unaweza kuikuta ghafla, usiku, na kuligonga lori kwa nyuma huua. Hapo ningeongeza pesa.

Kwa mkazi wa Ikinga, wilayani Ileje, hesabu ni nyingine. Kionya-njia cha mifumo hii, kinachoonya gari likihama njia yake, husoma mistari iliyochorwa barabarani. Kwenye barabara ya vumbi hakina cha kusoma. Ukungu au tope vikiziba kioo, kamera haioni. Na kioo cha mbele kikipasuliwa na kokoto, kukibadilisha tu hakutoshi: kamera lazima ipimwe upya kwa vifaa maalumu. Muulize fundi wako kama anavyo kabla hujalipa.

Milimani, tanguliza breki za ABS na mfumo wa kuzuia gari kuserereka. Hivyo havitegemei mistari wala kamera. Kisha nunua tairi nzuri. Breki yoyote, hata inayojifunga yenyewe, hushikilia barabara kwa tairi hizo hizo.