Amana ya Watoto Wadogo

Kila asubuhi, mijini na vijijini, akina mama huwapeleka watoto wao wa miaka mitatu, minne na mitano katika shule za chekechea na vituo vya kulelea watoto, kisha huenda zao sokoni, shambani au kazini. Humwacha mtoto mikononi mwa mtu asiye wa ukoo wao, wala hawapewi rehani. Hiyo ni amana. Na aliyepokea amana hawezi kusema jioni, “Mimi sikuona.” Basi twataka kueleza mambo yanayompasa kila mtu wa nyumba hizo, awe mwalimu, mlezi, mpishi, mlinzi wa lango, au dereva wa gari la watoto.

Labda mtu atauliza, “Hatari iko wapi? Sisi ni watu wa amani.” Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi katika Tanzania nzima, vijana wa miaka 13 hata 24 wakaulizwa habari za utoto wao, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2011. Ilionekana ya kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walitendewa uovu wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tena karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume, walipigwa au kuumizwa mwili. Na anayemdhuru mtoto aghalabu si mgeni wa njiani. Ni mtu anayemjua na kumwamkia.

Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kueleza mambo hayo. Pengine adhani ya kuwa kosa ni lake. Lakini mlezi humwona kila siku: humnawisha, humlisha, humvua shati lililolowa. Kwa hiyo jicho la mlezi ndilo ulimi wa mtoto.

Neno la kwanza, basi, ni kuona. Watoto wachezao huanguka, na michubuko ya magoti na miundi ni kawaida. Lakini alama za mgongoni, mapajani, matakoni, mashavuni au masikioni zataka kuulizwa. Kadhalika mistari ya waya au mkanda, na jeraha la moto lenye umbo la pasi. Mwangalie mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, naye ameanza tena. Ajikunyataye mtu akiinua mkono. Aliaye akija mtu mmoja tu kumchukua. Ashindwaye kuketi, au alalamikaye maumivu akienda haja ndogo. Aliye na njaa kila siku. Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Lakini uiandike katika daftari: siku, saa, mahali pa alama, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema mwenyewe. Daftari hilo lifungiwe, lisiwe la kusomwa na kila mtu.

Neno la pili ni kusikiliza. Mtoto akikuambia jambo, usishtuke mbele yake, wala usimwite mwongo. Usimtilie maneno kinywani kwa kuuliza, “Ni mjomba, sivyo?” Usimhoji mara nyingi, wala usimpeleke kwa walimu watano ayarudie. Usimwahidi ya kuwa utaficha, maana hutaweza. Mwambie, “Umefanya vema kuniambia. Si kosa lako.” Hayo yamtosha.

Neno la tatu ni kupeleka habari. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009, katika kifungu cha 95, yaagiza ya kuwa mtu ye yote katika jamii mwenye ushahidi au habari za kuvunjwa kwa haki za mtoto ana wajibu wa kuipasha serikali ya mahali pale. Haikusema “akipenda.” Nendeni kwa serikali ya kijiji au mtaa, kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Iko na simu ya bure, namba 116, katika Tanzania na Kenya pia. Kuthibitisha si kazi ya mwalimu. Kazi yake ni kusema upesi. Ikidhaniwa ya kuwa mtoto ameingiliwa, asioshwe, nguo zake zisifuliwe, naye apelekwe hospitali siku ile ile, kwa kuwa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hazina budi kuanza kabla ya saa 72 kupita.

Hapa ndipo mioyo mingi inaposhindwa. Tuweke mfano. Mwalimu ameona mistari ya waya mgongoni mwa mtoto, na mtoto amemtaja baba yake mdogo. Mtu huyo ni mheshimiwa kijijini, na ndiye alipaye ada za watoto sita. Mkuu wa kituo asema, “Tutaharibu jina la shule.” Wazee wasema, “Tuyamalize nyumbani.” Mbuzi yaletwa, au fedha, na mikono yapeanwa. Ndugu, tuulize: mbuzi hiyo imeliwa na nani? Imeliwa na watu wazima. Na mtoto jioni ile amelala wapi? Amelala katika nyumba ile ile, chini ya mkono ule ule, naye sasa amejifunza ya kuwa kusema hakufai kitu. Jina la shule lililokombolewa kwa bei hiyo si jina jema.

Neno la nne ni kujichunga sisi wenyewe. Kituo kisimwajiri mtu kabla ya kuuliza habari zake pale alipofanya kazi kwanza. Mtu mzima asijifungie chumbani na mtoto mmoja; kwenda chooni kuwe kwa utaratibu unaojulikana na wote. Langoni mtoto akabidhiwe kwa mtu aliyeandikwa na mzazi tu, hata kama mwingine asema, “Mimi ni jamaa.” Na habari ya fimbo: kifungu cha 13 cha sheria ile chakataza mateso na adhabu za kumdhalilisha mtoto, tena chasema ya kuwa hakuna haki ya kumrudi mtoto asiyeweza, kwa uchanga wake, kufahamu sababu ya kurudiwa. Mwenye fimbo katika darasa la watoto wa miaka mitatu na akifikiri kifungu hicho.

Nanyi wazazi, msidhani ya kuwa mkilipa ada mmemaliza. Ulizeni kama kituo kimeandikishwa. Ulizeni ni nani awaogeshaye watoto, na ni nani akaaye nao saa za kulala. Mjueni dereva wa bodaboda amchukuaye mtoto wenu. Mfundisheni mtoto majina ya viungo vyake vyote bila haya, na ya kuwa hakuna siri ya mwili asiyoweza kumwambia mama au baba. Naye akisema, msimpige kwa kusema.

Twawasihi walimu wakutane kabla mwezi huu haujaisha, wachague mmoja wa kupokea habari hizi na wa pili wa kumsaidia, ili habari ikimhusu mmoja wao, mwingine awepo. Kisha waandike majina hayo mawili pamoja na namba 116 katika karatasi, waibandike ukutani mahali wazazi wapitapo. Ni kazi ya nusu saa, na huenda mtoto mmoja akaokoka kwa ajili yake.