"Hadi Ijumaa" kwa Kiingereza: Vihusishi vya Wakati katika Somo la Tafsiri

Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, wanafunzi wetu wana kila sababu ya kujiandaa kwa kazi ya tafsiri. Lakini katika insha zao tunaona kwamba kinachowakwaza si msamiati mgumu. Ni vineno vidogo vya wakati vya Kiingereza.

Chanzo kinajulikana. Aghalabu Kiswahili hakihitaji kihusishi hapo. Tunasema "Mkutano utaanza saa tatu", "Tutaonana Jumatatu", "Alizaliwa mwaka 1985", basi. Kiingereza kinadai "at" kwa saa, "on" kwa siku na tarehe, "in" kwa mwezi na mwaka. Hayo hukaririwa yakakaa, ingawa "in the morning" hugeuka "on Monday morning" mara siku inapotajwa.

Kazi kubwa iko pale ambapo neno moja la Kiswahili hubeba maana mbili. Hebu tutazame tangazo hili: "Insha zitapokelewa hadi Ijumaa." Akiambiwa awaagize wenzake kwa Kiingereza, mwanafunzi huandika "Submit your essays until Friday", kana kwamba insha ileile itawasilishwa kila siku! "Until" hutaka tendo au hali inayoendelea mpaka kikomo; "by" hutaka tendo la mara moja lisilopita kikomo hicho. Tunapendekeza jaribio la "kufikia". "Wasilisha insha kufikia Ijumaa" inakubalika, kwa hiyo ni "by". "Ofisi itakuwa wazi hadi Ijumaa" ukiibadili iwe "kufikia Ijumaa", maana imegeuka: sasa ofisi bado haijafunguliwa. Hapo "until" haina mbadala.

"Kwa" nayo ina mtego. "Alisoma riwaya hiyo kwa siku tatu." Je, aliimaliza? Kama aliimaliza, ni "in three days". Kama sivyo, "for three days". Sentensi peke yake haisemi, na mfasiri hana budi kurudi kwenye muktadha. Vivyo hivyo "Nitarudi baada ya wiki mbili", tukihesabu kuanzia sasa, ni "in two weeks", ilhali "Alirudi baada ya wiki mbili" ni "after two weeks".

Suala la saa ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa hata maelezo ya dawa. Waganda wengi hawapaswi kulitatiza, maana Kiluganda nacho huita saa ya pili baada ya mapambazuko "ssaawa bbiri". Hata hivyo, tarakimu huwapumbaza. "Take one tablet at 8 a.m." ni saa mbili asubuhi, aliyeandika "saa nane" amemchelewesha mgonjwa kwa saa sita. Lakini "every 8 hours" ni "kila baada ya saa nane", nambari haiguswi, kwa sababu hapo "saa" ni muda, si nukta ya wakati. Aliyeizoea mno kanuni ya kuondoa sita ataandika "kila baada ya saa mbili", na mgonjwa atameza dozi mara nne ya aliyoandikiwa.

Walimu, wapeni pia wanafunzi sentensi hii waijaribu: "Mkesha utafanyika usiku wa kuamkia Jumamosi." Wengi huandika "on Saturday night". Waombolezaji watafika siku nzima baadaye. Ni "on Friday night".