Somo la 14: Msalaba wa Jiwe katika Uwanja wa Soko

Katika somo lililotangulia tulieleza alama ya msalaba tunayoifanya kwa mkono. Leo tutazame msalaba uliochongwa katika jiwe, tupate kufahamu kwa nini Wakristu wa kale walijipa taabu hiyo.

Katika Uingereza uko mji mdogo uitwao Sandbach. Katika uwanja wa soko lake imesimama misalaba 2 ya jiwe, iliyochongwa katika karne ya 9. Mmoja wapita meta 4 kwa kimo, wa pili wapita meta 3. Watu wa nchi ile, iliyoitwa Mercia, walikuwa wameletewa Injili katika karne ya 7, na walio wengi hawakujua kusoma. Basi wachongaji waliwaandikia kwa patasi. Juu ya msalaba mkubwa twaona Mtoto Yezu horini, Yezu aking'aa mlimani, na Yezu akisulubiwa. Mama aliyepita pale aliweza kumwonyesha mwanawe kwa kidole, akamweleza. Wao walifundishwa kwa macho, kama sisi leo tunavyofundishwa kwa masikio katika redio.

Baadaye, nyakati za magomvi ya dini, misalaba ile iliangushwa na kuvunjwa, na vipande vyake vikachukuliwa vya kujengea. Mwaka wa 1816 vilikusanywa, vikapangwa, na misalaba ikasimamishwa tena. Lakini si vyote vilivyoonekana. Hata leo misalaba ile haikamiliki.

Waliovunja sanamu nyakati zile walisema kwamba watu wataabudu jiwe. Neno hilo si dogo, nasi yatupasa kulijibu vema.

Ulizo: Je, twaabudu jiwe au mti wa msalaba?
Jibu: Hapana. Twamwabudu Mungu peke yake. Msalaba twauheshimu kwa ajili ya Yezu Kristu, aliyetufia juu yake.

Ulizo: Msalaba wa jiwe ukivunjika, je, imani nayo imevunjika?
Jibu: La. Imani hukaa moyoni. Lakini mzazi asiyewafundisha watoto wake aiharibu kuliko mwenye nyundo, kwani vipande vya jiwe huweza kuokotwa.

Kusudi la juma hili: Kila mzazi awaonyeshe watoto msalaba ulio nyumbani mwake, awaeleze ni nani aliyekufa juu yake, na kwa nini.